Nyuzi Zinazoinuliwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Yarina Cachimuel aliketi kando ya mama yake na kumviringishia uzi kwenye kijiti. Mama Rosaura alikuwa amejifunga mtambo wa kufumia kiunoni, akifuma mshipi mwekundu. Huko Peguche, kijijini kwao, karibu kila nyumba ilifuma.

"Ijumaa uko tayari?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama," Yarina alijibu bila kuinua macho.

Hakuwa tayari. Mtihani wa kusoma Kiingereza kwa sauti ulikuwa umemshinda mara moja, na zilibaki nafasi mbili. Akishindwa zote mbili angerudia mwaka, na baba yake alikwisha kusema kwamba hakuna kurudia: ataacha shule, afume. Kwa hofu, Yarina alimwomba binamu yake, mchuuzi wa mishipi ng'ambo, amrekodie kwenye simu ukurasa wa mtihani ule wa kwanza. Aliusikiliza siku tisa mpaka akaukariri wote.

Ijumaa, Mwalimu Elvia Farinango alimpa ukurasa mwingine.

Yarina alisoma kila silabi kwa uzito uleule, kana kwamba anahesabu mawe.

"Anatusomea majina ya marehemu," Inti, mwanafunzi mwenzake, alinong'ona nyuma yake. Darasa likacheka.

"Endelea, Yarina," mwalimu alisema.

"Siwezi, Mwalimu. Nilikariri ule mwingine."

Mwalimu Elvia aliandika alama, akafunga daftari. Yarina alitembea hadi nyumbani akiutazama udongo, akalala akiuelekea ukuta. Hata mahindi ya kukaanga hakuyagusa.

"Nilikariri sauti ya binamu bure. Niache nifume tu, mama. Shule imenikataa."

Mama hakumkaripia. "Hata mimi, kwenye darasa letu la watu wazima, nilisoma hivyo hivyo. Jirani yangu akaniambia nimemlaza usingizi. Inuka, twende."

Walimkuta mwalimu bado darasani, akifuta ubao. Mama Rosaura aliweka mezani mshipi ambao haujaisha.

"Mwalimu, huyu anajua kuchagua nyuzi za kuinua ili ua litokee. Mfundishe kwa njia hiyo."

Mwalimu aliutazama mshipi kwa muda. "Yarina, ukiinua nyuzi zote, unapata nini?"

"Hakuna ua, Mwalimu. Kitambaa kitupu."

"Nawe umekuwa ukisoma kitambaa kitupu. Lugha yetu ya nyumbani, iitwayo Kichwa, huweka mkazo karibu mahali palepale katika kila neno. Kiingereza huuhamisha. Lazima utafute silabi ya kuinua, nyingine uzilaze."

Alimpa penseli. Yarina aliweka alama juu ya silabi moja, akasoma. Alikosea. Akaweka nyingine, akakosea tena, machozi yakadondokea karatasi.

"Fumua," mama alisema taratibu. "Uzi ukikosewa tunafanyaje?"

Kwa mwezi mzima Yarina alifumua: alifuta alama, akaanza upya. Siku nyingi alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ameshindwa. Inti aliendelea kumwita Mama Matanga.

Siku ya nafasi ya mwisho alipewa ukurasa ambao hajawahi kuuona. Kidole chake kiliinuka na kushuka juu ya meza kama kinachagua nyuzi. Alikwama mara tatu, akarudia mara tatu, akamaliza. Hakuna aliyecheka.

"Umefaulu," Mwalimu Elvia alisema. "Kwa alama moja."

Nje ya lango, Mama Rosaura alimfunga ule mshipi mwekundu kiunoni, sasa umekamilika.

"Sauti uliyoiazima kwa binamu yako ilikukimbia ulipopewa ukurasa mwingine, mwanangu," alisema. "Hii umeifuma mwenyewe. Hakuna atakayekuvua."