Mita Iliyolala na Mkanda wa Injini

Habari hiyo Wara aliisikia kwa rafiki yake Yhoselin, wakiwa kwenye foleni ya mkate, na tangu hapo haikumtoka kichwani. Eti Fundi Saturnino hukata mikanda ya magari kwa wembe, kisha huwaambia wenye magari kwamba imechakaa.

"Wewe umemwona?" Wara aliuliza.

"Mimi nimwone wapi? Shangazi kasema. Na yeye kaambiwa na mtu mwenye gari."

Wara alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi baba yake, Hilarión, alimpeleka shule hapa El Alto, mji wetu wa juu milimani, kabla ya kuanza kubeba abiria wa teksi. Gari lenyewe lilikuwa la mtumba kutoka Japani, kama mengi ya mtaani. Usukani ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini mita zikaachwa kulekule kulia, mbele ya abiria. Basi baba aliendesha, Wara akasoma.

"Tunakwenda ngapi, karani wangu?"

"Arobaini, baba," Wara alijibu bila kuangalia.

Mwaka ule babu alikuwa amefariki. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilikaribia, na familia ilipaswa kufika kwa bibi, Caranavi, kumwandalia marehemu meza ya mikate na matunda kabla ya adhuhuri, saa ambayo roho huingia nyumbani. Njia ya huko hupanda mpaka kwenye theluji, kisha huteremka kando ya makorongo. Baba akapeleka gari gereji likaguliwe.

Fundi Saturnino alifungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini, akamulika tochi.

"Bwana Hilarión, huu mkanda wa taimingi ubadilishe kabla hujasafiri. Ndio unaofanya sehemu ya juu na ya chini za injini zizunguke pamoja. Ukikatika, pistoni zinagonga vali, gari linazima hapohapo ulipo."

"Mbona mapema? Gari hili mkanda wake ni kilomita laki moja. Mimi niko elfu hamsini na nane. Muulize karani wangu."

"Elfu hamsini na nane," Wara akasema, macho yake yakiwa kwenye mfuko wa ovaroli ya fundi. Ulikuwa umetuna. Wembe, akawaza.

"Mita inasema hivyo, mkanda hausemi hivyo. Ulipolinunua uliubadilisha?"

"Hapana."

"Basi hujui umri wake. Na mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa."

"Fundi, wewe unataka kula sikukuu kwa pesa zangu."

Walicheka wote wawili, ila kicheko cha baba kilikatika upesi. Njiani Wara akamweleza habari ya wembe. Baba akaguna. "Nilijua tu."

Asubuhi ya safari, siku moja kabla ya sikukuu, walipanda mpaka kileleni. Hapo madereva husimama kunyunyizia magurudumu pombe na kumwomba Mama Ardhi njia njema. Baba alizunguka gari akinyunyiza. "Mama Ardhi, tulinde. Gari ni zima, kilomita zake chache."

Wara, ndani ya gari, aliitazama mita. Saba tatu mwishoni. Saba zilezile alizomwonyesha Yhoselin wakati wa Kanivali, sikukuu ya mwezi wa pili, siku aliyokuwa akichezesha miguu chini ya dashibodi, akapiga teke, kitu kikalia tak, mshale ukaanguka kwenye sifuri. Haukuinuka tena, na namba za kilomita zikagota palepale. Aliogopa kuhamishiwa kiti cha nyuma, hivyo akawa anabuni. Injini ikinguruma kidogo, arobaini. Ikinguruma sana, sitini.

Baba aliporudi kwenye usukani, mbele yao barabara ilizama kwenye ukungu.

"Baba," Wara akasema. "Mita imekufa. Niliipiga teke."

"Lini?"

"Kanivali."

"Na zile arobaini zako?"

"Nilikuwa nasikiliza injini."

Baba akainama kuitazama mita. Mama, Eusebia, aliyepakata kikapu cha mikate kiti cha nyuma, ndiye aliyesema. "Hilarión, kumbe hatujui kilomita zake. Geuza gari."

"Mzee anatusubiri."

"Mzee ameshakufa, atasubiri. Sisi watatu tukimfuata leo, nani atatuandalia meza?"

Walirudi polepole. Kwenye gereji, Wara alisimama karibu na bega la fundi.

"Unatafuta nini mfukoni mwangu, binti?" Fundi akachomoa nusu ya mkate, akammegea kipande. Kisha akampa tochi. "Mulika mwenyewe. Mimi mikono yangu iko nyuma."

Wara akamulika. Mgongo wa mkanda ulikuwa na nyufa kama matope yaliyokauka, ukingo umechambuka nyuzi, jino moja linaning'inia. Wembe haukati hivyo. Akamrudishia fundi tochi.

Mkanda mpya ulifungwa, na mita ikatengenezwa. Kesho yake walifika kwa bibi kabla ya adhuhuri. Wakipanga mikate mezani, mama akamwambia, "Ulimkagua fundi mifuko, kumbe uongo umekaa kwenye kiti chako. Baba yako alimkataa fundi kwa sababu alikuamini wewe."

Basi, wanangu, epukeni haya:

Kusema namba ambayo macho hayakuisoma.

Kuficha ulichovunja, hasa kikiwa ndani ya gari linalobeba watu.

Kuamini kilomita za gari la mtumba. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha.

Kupitisha kilomita au miaka iliyowekwa na waliotengeneza gari, lolote litakalotangulia.

Kungoja mkanda ukatike ndipo uamini.

Kumpakazia mtu wembe ambao hakuna aliyeuona.