Waitikiaji wa Nyamizi

Jumatatu wimbo ule ulikuwa na dakika nne na sekunde kumi. Alhamisi, siku ya mnada, ulikuwa na dakika tano kasoro sekunde chache, na hakuna mtu aliyeugusa.

Maduhu alilaumu miwani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao mtu hulaumu miwani kwanza, kisha mke, kisha umeme wa Kahama. Akafuta vioo kwa pindo la shati na kusoma tena kwenye kompyuta. Dakika nne, sekunde hamsini na mbili.

Kibanda chake cha Nyasubi kilijulikana hadi machimbo ya Geita. Mkulima akishauza mpunga, mchimbaji akishapata mawe yenye kitu, huja na flashi au memori kadi, Maduhu akamjazia nyimbo. Lakini kilichowaleta hasa ni ubao. Kila baada ya mavuno, ngoma zinapoanza vijijini, aliandika kwa chaki nyimbo mpya za kununua msimu huo, za waimbaji wanaojilipia studio wenyewe, wasio na kampuni wala bosi. Chini ya kila wimbo aliweka neno lake. "Mzee wa Masumbwe na zeze lake: nunua kama umeachwa." "Akina mama wa Ushetu, walirekodia ghalani: nunua, utasikia hadi panya." Na mwaka huu, juu kabisa: "NYAMIZI. Anza na huu. Waitikiaji kama hawa sijawahi kuwasikia, na nimelala kwenye malori hadi Bujumbura."

Nyamizi alikuwa amekuja mwenyewe na flashi yake, mchana wa jua kali. Alikuwa mwanamke mrefu, na pindo la khanga yake lilikuwa limelowa ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Alinukia udongo wa chini sana, ule unaotoka kwenye shimo siku ya kwanza, pamoja na kutu. Pesa hakutaka. Alitaka majina.

Hapo Maduhu hakuona ajabu yoyote. Usukumani mwimbaji huomba majina ili awataje watu katika wimbo, awasifu wao na ng'ombe wao, nao wakiwa ngomani wageukiwe na kutazamwa. Wako waliouza baiskeli ili watajwe mara moja tu. Yeye alipewa nafasi tatu za bure. Akaandika la kwanza, Bujiku, mchimbaji wa Geita, mteja wake wa miaka mingi. La pili, Jashvant, jirani yake mwenye duka la vipuri vya pikipiki. La tatu, Zipora, mkewe. Hilo alitaka limshtukize akiwa jikoni.

"Unawatoa kwa moyo?" Nyamizi aliuliza.

"Kwa moyo wote, mama."

"Sauti zao zikoje?"

"Bujiku akiita kutoka chini ya duara, lile shimo lao la dhahabu, wanamsikia Burundi. Jashvant akitaja bei, pikipiki zinawaka zenyewe. Na huyu wa tatu nilimwoa kwa sauti. Sura niliiona baadaye."

Nyamizi hakucheka. Alikunja ile karatasi ndogo, akaiweka chini ya ulimi, akaondoka.

Sasa, Alhamisi hiyo, Maduhu alivaa spika za masikioni, akakuta ubeti mpya. Nyamizi alimtaja Bujiku, Bujiku wa mikono ya chuma, na waitikiaji wakajibu. Nyuma yao ilikuwepo sauti nene ya mwanamume ambayo Jumatatu haikuwepo. Maduhu alitabasamu. Akafikiri, dada huyu anajua kazi yake.

Ijumaa asubuhi alifika Mwigulu, mchimbaji mwenzake Bujiku, akiwa na tope hadi kwenye nyusi. Alisimama mbele ya ubao bila kuusoma.

"Shikamoo, mzee Maduhu."

"Marahaba. Mbona peke yako? Yule mwenye kelele yuko wapi?"

"Tumemzika." Mwigulu aliteremsha sauti. "Jana adhuhuri maji yaliingia kwenye duara. Sisi tuko juu, tumeshika kamba, tunangoja aite. Bujiku huwa anaita hadi unamwambia basi, tumesikia. Hakuita. Tukajua yuko salama. Tulipomtoa, mzee, kinywa kilikuwa wazi hivi. Alikuwa anaita."

Nje, bajaji ilipita ikipiga wimbo wa Nyamizi, na ile sauti nene ikaitikia. Mwigulu aligeuza shingo polepole, kama ng'ombe aliyesikia jina lake.

"Huyo ni nani anayeimba hapo nyuma?"

"Sijui," Maduhu alisema, na alikuwa anajua.

Alhamisi iliyofuata, saa sita na nusu, Jashvant alikuwa amesimama mlangoni pake akigombana na mteja juu ya mnyororo wa pikipiki, kwa furaha yote ya mtu anayejua atashinda. "Huu ni orijino, ndugu yangu, ukikatika urudi hapa uninyonge na huo huo, nimekwambia ni ori—" Neno likakatikia hapo. Midomo iliendelea. Na kutoka kwenye spika ya Maduhu, ng'ambo ya barabara, Nyamizi akamtaja Jashvant, na kati ya waitikiaji ikapanda sauti ya puani, kali, ya mtu anayetaja bei.

Jashvant alivuka barabara akiwa ameshika koo. Alichukua kalamu ya Maduhu na kuandika nyuma ya risiti: *Hiyo ni sauti yangu. Zima.*

Maduhu alizima. Lakini kinyozi wa pembeni alikuwa nao, mashine ya kusaga ilikuwa nao, bodaboda kumi na tano za kijiweni zilikuwa nao, na kila mmoja alikuwa ameununua kwa sababu ubao ulisema anza na huu. Jashvant alibaki amesimama katikati ya mtaa akijisikiliza kutoka pande zote, na machozi yalimtoka bila mlio.

Nyumbani, Maduhu alimkuta Zipora barazani na mjukuu begani. Binti yao Noela alikuwa amerudi kujifungulia kwa mama yake, na mtoto, aliyeandikwa Brenda kwenye kadi ya kliniki, alikuwa na wiki tatu za kulia mfululizo. Zahanati walisema ni tumbo. Majirani walisema mengine. Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni Zipora akiimba. Akiacha ili anywe maji, kilio kinarudi kama bomba lililofunguliwa.

"Baba Noela, Jashvant ana nini? Wanasema ameshikwa na kitu."

Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, akitazama miguu yake.

"Umeniandika," Zipora alisema.

"Nilitaka ufurahi."

"Nimefurahi sana." Alimpapasa mtoto mgongoni. "Alhamisi ni yangu, basi. Mimi nimeimba kanisani miaka thelathini, si haba. Lakini huyu, nikinyamaza, nani atamnyamazisha? Akilia hivi mwezi mzima bila kunyonya vizuri, atabaki kweli?"

Jumanne Maduhu alikwenda Didia kwa Vumilia, mganga anayesoma kuku. Mama huyo alimpasua kuku, akatazama ndani muda mrefu, akanawa mikono.

"Ni jini la shimo. Wachimbaji walichimba hadi kwenye kitanda chake. Halina sauti, na haliwezi kuchukua kisichotolewa. Likatazama likaona nyinyi mnagombania kutajwa, tena mnatoa majina ya wenzenu kama zawadi. Likajifunza desturi."

"Mayu, mama yangu, mke wangu ndiye anayefuata."

"Mwimbaji yeyote hukubali kubadilishiwa jina kabla halijaimbwa. Hata huyo. Alhamisi atakuja kibandani kwako kabla ya saa yake. Mpe jingine, uandike kwa mkono wako. Na usiniulize la nani."

"La nani?"

"Lako, mpumbavu wewe. Ulitaka kuniuzia la kwangu?"

Alikubali. Alikubali kabisa, hadi basi lilipofika Tinde. Kisha alianza kufikiri, na Maduhu alikuwa mtu mzuri hadi anapoanza kufikiri. Mshauri wa nyimbo asiye na mdomo ni nini? Ubao tu. Na jini lilisema linataka jina. Halikusema la mtu aliye hai. Mama yake mzazi, Lusia, alikuwa amelala chini ya ardhi ya Didia mwaka wa kumi na tisa sasa. Marehemu hana sauti ya kupoteza. Wazo lilimpendeza hata akacheka peke yake, na abiria wa pembeni akasogea dirishani.

Alhamisi, dakika chache baada ya saa sita, mtaa ulikuwa mweupe kwa jua na watu wote walikuwa mnadani, na kwanza ilikuja harufu, ile ya udongo na kutu, ikapita juu ya harufu ya viazi vya kukaanga vya jirani na kuimeza, kisha spika aliyokuwa ameichomoa kwenye umeme tangu asubuhi ikaanza kuhema, pumzi ndefu za watu wengi waliojipanga kabla ya kuimba, na Nyamizi akawa amekaa kwenye kiti cha wateja, maji yakimtiririka kwenye pindo na kutengeneza kidimbwi ambacho hakikukauka kwenye joto lile, akafungua kinywa, na ndani, pale ulimi ulipopaswa kuanza, Maduhu hakuona ulimi bali giza linaloshuka na kushuka, na kutoka chini kabisa ya giza hilo, akiwa mbali kama mtu aliye futi mia mbili chini, alimsikia Bujiku akiita avutwe.

Mkono wake uliandika kama wenyewe. *Lusia.*

"Lusia yupi?" Nyamizi aliuliza. Sauti ilikuwa ya Jashvant.

"Lusia wa ukoo wangu."

"Umemtoa kwa moyo?"

"Kwa moyo wote."

Alikunja karatasi, akaiweka chini ya kile kisichokuwa ulimi. Kiti kikawa kitupu.

Maduhu alikimbia nyumbani, tumbo likimtangulia. Tangu kwenye kona alimsikia Zipora akiimba, sauti nzima, nene, ya mke wake. Aliingia uani akihema. Noela alimpokea akicheka, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

"Baba, amenyamaza. Mama alisema kama yeye anaondokewa na sauti leo, basi tumtafutie mtoto jina analolilia, huenda kuna marehemu anayetaka arithiwe. Tukaketi na bibi wa jirani, tukamwitia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mababu wote, analia. Mashangazi wote, analia. Tulipomwita bibi mzaa baba, kimya. Hapo hapo."

Maduhu alishika nguzo ya baraza. "Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu, adhana ya mchana ilikuwa imekaribia. Ndiye Lusia sasa, baba. Jina la mama yako. Hukufurahi?"

Zipora alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa amemwinua mtoto mbele ya uso wake na kumtazama, kisha akamgeuza, ili baba Noela naye aone. Mtoto alikuwa analia. Uso ulikuwa mwekundu, ngumi zimekazwa, ulimi mdogo ukitetemeka ndani ya kinywa kilichofunguka chote, na mishipa ya shingo imesimama, na hakuna kilichotoka, hata pumzi ya kusikika.

Bajaji ilipita nje ya ukuta. Nyamizi alitaja jina, waitikiaji wakajibu, na juu yao wote, ndani ya pigo bila kuchelewa, kikaingia kilio cha kichanga.

Simu ya Maduhu iliita. Alipokea kwa sababu mkono ulizoea.

"Shikamoo, mzee," alisema mteja, na nyuma yake mnada wote ulikuwa unapiga makofi. "Huo mpya wa Nyamizi, wenye mtoto, unao? Niwekee kwanza mimi."