Fundi wa Mashua na Tundu la Jino Lake

Huko Kalemie, kando ya ziwa, watu wa mtaa mmoja walizoea kuamka kwa wimbo wa Papa Casimir. Papa Casimir ni fundi wa mashua. Kazi yake ni kuziba nafasi kati ya mbao ili maji yasiingie. Anachukua pamba, anailoweka katika mafuta ya mawese, anaisukuma kati ya mbao kwa patasi na nyundo. Kila pigo la nyundo lina neno lake la wimbo. Pembeni kunakaa termosi ya chai yenye sukari nyingi. Anakunywa kidogo kidogo, tangu asubuhi mpaka jioni.

Kisha wimbo ukanyamaza. Nyundo ilisikika, sauti haikusikika.

Mama Victorine, mke wake, alimfuata kwenye mchanga.

"Papa, mbona hauimbe?"

"Upepo wa ziwa unaniingia kwenye jino," alijibu Papa Casimir, mkono shavuni. "Nikifungua kinywa, njo kama mutu ananichoma sindano. Na chai vilevile. Kiisha linatulia."

Mama Victorine alimwambia afungue kinywa. Jino kubwa la chini lilikuwa na tundu jeusi. Ndani ya tundu kulikuwa na kitu chekundu. Aliinama, akatazama vizuri. Ilikuwa pamba. Pamba ya mashua, pamoja na mawese yake.

"Umejiziba mwenyewe?"

"Mimi njo fundi wa kuziba. Ningemwita nani?"

Mama Victorine alicheka mpaka akakaa juu ya ubao. Halafu aliona macho ya mume wake yamelowa, akaacha kucheka.

Jumamosi ilikuwa karibu. Siku hiyo mashua mpya ya Mama Séraphine ingeshushwa majini. Mama Séraphine anauza ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha, na aliingojea mashua hiyo ili afike mwenyewe kwa wavuvi wa Zongwe. Katika mtaa wao, fundi aliyeziba mashua anasimama mbele na kuimba. Watu wanamwitikia, wanavuta pamoja. Mwaka uliopita fundi mmoja aliugua, mtu mwingine akaimba mahali pake. Mpaka leo watu wanaiita mashua ile yatima. Papa Casimir hakutaka mashua yake iitwe hivyo.

Kwa hiyo alisema ataenda sokoni. Huko kuna mtu anayeng'oa meno kwa koleo. Mama Victorine alikataa. Alimwuliza kama anajua koleo lile limetoka katika vinywa vingapi bila kuchemshwa. Tena jino likishang'oka, halirudi.

Alikwenda kumwita jirani yao, Mama Denise, ambaye anatibu meno hospitalini. Mama Denise alikuja mchana huohuo, mkoba wa kazi ungali begani. Alitazama jino, akasema Papa Casimir afike hospitalini kesho asubuhi, na asitie kitu chochote tena ndani ya tundu: si pamba, si petroli, si maji ya betri, si kidonge kilichosagwa. Vitu hivyo vinaunguza ufizi na haviponyi jino.

Papa Casimir hakuridhika. Alisema hospitalini nako wanang'oa tu, sawa na sokoni. Alisema pamba yake haijawahi kuvujisha maji.

Mama Denise hakubishana naye. Alionyesha mashua moja ya zamani iliyolala mchangani, yenye ubao mweusi ubavuni.

"Papa, ile ungeiziba namna gani?"

"Kwanza ninachokonoa mbao iliyooza. Yote, mpaka nifike kwenye mbao nzuri. Ninaacha ikauke. Kiisha njo ninaziba."

"Na fundi akiziba juu ya mbao iliyooza?"

"Huyo si fundi, huyo anazamisha watu. Juu unaona pamba safi, lakini chini uozo unaendelea kula."

Papa Casimir aliitazama mashua ile. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye jino.

"Basi uozo wangu uko chini ya pamba," alisema polepole.

"Njo hivyo, Papa."

Hapo Mama Denise alimweleza. Katika kinywa kuna vijidudu vidogo sana. Tukila au kunywa sukari, navyo vinakula, vinatoa asidi inayokula jino. Tundu linaonekana dogo juu, lakini ndani linapanuka. Chini kabisa kuna mshipa wa fahamu. Uozo ukiwa haujaufikia, jino linasafishwa, linazibwa, nalo linaishi. Uozo ukiufikia, maumivu hayatulii tena, usaha unaweza kuja, na pengine jino linapotea.

"Lako linauma ukipata baridi au sukari, kiisha linatulia," alisema. "Naona bado tuko na nafasi. Lakini usingoje."

Asubuhi Papa Casimir na mke wake walifika hospitalini. Waliuliza bei kwanza, wakakubali. Mama Denise alitazama jino kwa kioo kidogo, akahakikisha kwamba linaweza kuzibwa. Alichoma sindano ya ganzi, na mdomo ukawa mzito kama si wa mwenyewe. Alimwambia, akihisi maumivu au woga, ainue mkono.

Mashine ndogo ilianza kulia. Mkono wa Papa Casimir ukainuka palepale. Mama Denise alisimamisha mashine, akamwacha apumue, bila kumcheka. Walipoanza tena, mkono ulibaki chini.

Mama Denise aliondoa uozo wote mpaka akafika kwenye jino gumu. Alilikausha. Alijaza tundu kwa dawa nyeupe, akaimulika kwa taa ya bluu, ikawa ngumu. Kisha Papa Casimir aliuma karatasi ya rangi, ili ionekane kama kuna mahali palipozidi kuinuka. Palikuwapo, Mama Denise akapalainisha. Papa Casimir alitaka kusema kwamba naye anapitisha randa namna hiyohiyo, lakini mdomo ulikataa.

Kazi hiyo watu wa Kalemie wanaiita plombaji.

Kabla hawajatoka, Mama Denise alimwomba asitafune mpaka ganzi iishe, asije akauma shavu lake. Apige meno mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Sukari aipunguze, aitumie wakati wa chakula, si kuyamwagilia meno mchana kutwa. Tena aje kupimwa hata jino lisipouma.

Siku iliyofuata Mama Victorine alijaza termosi maji matupu. Papa Casimir alionja, akauliza kama amemchotea ziwa. Lakini alikunywa.

Jumamosi watu walijaa mchangani. Kamba zilifungwa, miti ya kuviringishia mashua ikapangwa. Upepo wa baridi ulivuma kutoka ziwani. Mama Victorine alimtazama mume wake na kushika kitambaa chake kwa nguvu.

Papa Casimir alisimama mbele ya mashua, akafungua kinywa chote. Upepo uliingia. Jino halikusema kitu.

"Nani alipasua mbao?"

"Ni sisi," watu waliitikia, na mashua ikasogea.

"Nani alipiga pamba?"

"Ni sisi."

Sauti ilikuwa ileile, kubwa, ya asubuhi zote. Mashua ilifika ukingoni mwa maji. Hapo Papa Casimir aliongeza neno ambalo hakuna aliyelijua.

"Nani aliziba tundu la Casimir?"

Watu walitazamana. Kamba zililegea. Kisha sauti nyembamba ilitoka nyuma, karibu na makapu ya ndakala.

"Ni mimi," alisema Mama Denise, na akaficha uso.

Kicheko kilipasuka pwani nzima. Watu walivuta huku wanacheka, na mashua ikateleza ndani ya ziwa, ikaelea.

Mama Séraphine alipanda ndani kwanza. Aliinama, akagusa mbao za chini kwa kiganja. Zilikuwa kavu. Alimpungia mkono fundi wake, halafu akashika shavu lake mwenyewe na kumwuliza Mama Denise, kwa sauti iliyosikika na wote, kama Jumatatu ana nafasi.