Vidole vya Salha Vinauliza

Salha alikaa barazani na ukindu mkononi, majani makavu ya kusukia. Alitaka kusuka ukili, utepe wa kuungia mkeka.

Bibi yake alikuwa akitengeneza msala, mkeka wa kusalia. Kisha Mungu akamchukua Bibi. Msala ukabaki na pengo pembeni.

Ulihitaji ukili mfupi tu. Bibi alikuwa amemfunza Salha kusuka.

Salha akakodoa macho. Akawaza, akawaza. Huu upite juu? Huu upite chini? Ukindu ukajisokota.

Kaka yake, Hamadi, akachungulia. "Unasuka ukili au kiota cha ndege?"

Salha akatupa ukindu. Akamkimbilia Mama.

"Mama, nimesahau! Bibi amenitoka kichwani!"

Mama akatoka naye barazani, akaokota ukindu mmoja. Kisha akasema, "Njoo, mwanangu. Nipe kidole."

Akakigusa kwa ncha ya ukindu. Tiki!

"Inatekenya!" Salha akacheka.

"Umejuaje? Kidole hakina akili."

Salha akakitazama kidole chake.

"Ndani ya mkono mna nyuzi," Mama akasema. "Zinaitwa neva. Ni nyembamba kuliko ukindu. Hubeba habari."

Mama akapitisha kidole mkononi mwa Salha. Sss, sss, sss. Begani. Mgongoni. Shingoni. Kichwani.

"Habari hupita ndani ya uti wa mgongo. Hufika kwenye ubongo. Ubongo hujibu, na jibu hushuka."

*Vidole huuliza, ubongo hujibu.*
*Habari hupanda, habari hushuka.*

"Ubongo ukoje, Mama?"

"Ni laini, una mikunjo mingi. Mungu ameufunika kwa fuvu, kama tunavyofunika chakula kwa kawa."

Salha akagonga kichwa chake. Ko, ko. Kawa ngumu!

Mama akagusa paji la uso. "Hapa mbele, ubongo huwaza." Akagusa kisogo. "Huku nyuma pana ubongo mdogo. Huu huisaidia mikono kukumbuka kazi iliyoizoea."

"Mbona yangu haikumbuki?"

"Unaisumbua kwa mawazo. Bibi alikuwa akisuka vipi?"

Salha akafumba macho. "Alikuwa akimtaja Mungu. Polepole."

"Basi, mtaje na wewe."

Salha akaokota ukindu.

"Ukindu mmoja, Subhanallah. Ukindu mwingine, Alhamdulillah."

Kacha, kacha. Vidole vikaanza kwenda. Kacha, kacha, kacha.

*Vidole huuliza, ubongo hujibu.*
*Habari hupanda, habari hushuka.*

Hamadi akachungulia tena. "Lo! Kama wa Bibi kabisa!"

"Nenda katafute kiota chako," Salha akasema.

Mama akacheka. Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akachukua sindano, akashona ukili pembeni mwa msala.

Pengo likaziba.

Jioni, Mama akasali juu ya msala wa Bibi. Akamwombea Bibi. Salha akaitikia, "Amin."

Kisha Salha akapanda kitandani.

"Mama, nikilala, ubongo nao hulala?"

"Haulali wote. Huendelea kuziangalia pumzi zako."

"Na aliyonifunza Bibi?"

Mama akaweka kiganja juu ya kichwa cha Salha. "Yamo humu, mwanangu. Yamefunikwa."

Salha akapiga mwayo. Akalala.

Juu ya shuka, vidole vyake vikacheza kidogo.

Ukindu mmoja, Subhanallah.

Ukindu mwingine...