Aliyebisha Hodi Kutoka Darini

Mshonaji alikuwa na pini mdomoni na mguu kwenye cherehani aliposikia hodi ikibishwa kutoka juu.

"Hodi huku."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyechoshwa na kazi. Hakuinua hata kichwa. Siku nzima seremala alikuwa akipanda na kushuka kupitia tundu alilolikata kwenye dari, na kwa kuwa hakupenda kuwakuta wenye nyumba vibaya, alizoea kubisha hodi kabla ya kuteremka ngazi.

"Karibu, pita tu," alijibu kwa pembe ya mdomo, pini zikicheza.

Ngazi ikalia, kidato baada ya kidato, mpaka chini. Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia seremala na mfuko wa misumari.

"Samahani mama, nimechelewa. Dukani hapo jirani imeisha, nimezunguka mpaka ng'ambo ya barabara."

Mshonaji akaitazama ngazi. Haikuwa na mtu. Akajiambia ni redio ya majirani, akaendelea na pindo la gauni la kijani lililokuwa mbele yake. Mtu mwenye kazi za watu hana muda wa kuogopa.

Chumba cha darini kilikuwa ndoto yake yeye, si ya mumewe. Nyumba yao ilikuwa na sebule, chumba kimoja na jiko la kugeuka ukagonga kiwiko. Binti yao, msichana aliyekwisha vunja ungo, alilala sebuleni chini ya meza ya kukatia, nguo za wateja zikimning'inia usoni. Asubuhi moja mama alimkuta anavaa sare ya shule akiwa amejificha nyuma ya koti la mteja, na mteja mwenyewe amesimama mlangoni. Roho ilimuuma sana. Akaapa kwamba mwanawe atapata mlango wake wa kufunga, liwalo na liwe.

Mume aliafiki, kama alivyoafiki kila kitu. Alikuwa dereva wa lori la mikate, mpole kupita kiasi, na mama yake marehemu alimlea kwa adabu ya kiboko. Mtaa mzima ulimwita Karibu Tena, kwa sababu hakuna aliyetoka nyumbani kwake bila kuambiwa neno hilo, hata yule jamaa aliyekuja kuwakatia umeme.

Seremala aliwachorea chumba kwa chaki kwenye sakafu ya sebule. Paa lilikuwa na mgongo mrefu. Katikati yake mtu mzima angeweza kusimama bila kuinama. Angetandika mbao juu ya boriti, angejenga ngazi ya kudumu, angetoboa dirisha kwenye ukuta wa mwisho. Binti alijilaza juu ya kitanda cha chaki, akanyoosha miguu akicheka. Hapo mama aliona fahari kama ameshajenga ghorofa.

Siku ya pili baada ya ile hodi, nyumba iliamka inanuka kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Mshonaji aligusa pasi, akaikuta ya baridi. Akakagua nguo moja moja. Gauni la kijani halikuwapo kwenye msumari wake, na hakuna mteja aliyekuwa amefika.

Seremala akapanda kuanza kutandika mbao. Nyundo ikalia vizuri tu, ko, ko, ko, na mume chini akainua kikombe cha chai. "Leo fundi ana mkono mwepesi," alisema. Kisha nyundo ikaongeza kasi, ikaongeza tena, ikawa inapiga kwa mwendo ambao mkono wa binadamu hauna, na katikati ya mapigo yale seremala akapiga yowe.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kufika juu na tochi. Seremala alikuwa kifudifudi, viganja vyote viwili vimepigiliwa kwenye ubao kwa misumari ya boriti, na damu ikichuruzika kwenye nyufa. Nyundo ilikuwa ikipanda na kushuka bila mkono wa kuishika, inatafuta kiwiko chake. Ilipopata ilipiga, mfupa ukalia. Mume alipochungulia tunduni, nyundo ikaanguka kama nyundo yoyote.

Waliing'oa misumari ile huku seremala akiuma kola ya shati. Alipokuwa akibebwa kwenda kwenye lori la mikate, alimshika mshonaji kwa macho.

"Aliniuliza nani kaniruhusu kuingia kwake," alinong'ona. "Nikasema mwenye nyumba. Akacheka, mama. Akasema mwenye nyumba kamruhusu na yeye."

Mume hakuyasikia hayo. Yeye aliamini kuna mwizi aliyejificha darini na ametoroka kupitia vigae. Alikwenda kumuuguza seremala hospitalini, kwa kuwa hakuwa na ndugu mji ule, na simu yake ikazimika huko huko.

Mchana huo mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Binti alirudi kutoka shule amelowa, akasimama sebuleni chini ya lile tundu anakamua nywele zake.

"Mama, mbona kama kuna mtu ananivuta?" aliuliza, akicheka kidogo.

Mama yake hakuwahi hata kuinuka vizuri kwenye kiti, kwa sababu nywele za mtoto zilikuwa zimekwisha simama wima kuelekea juu, na shingo ikafuata nywele, na visigino vikaachana na sakafu, na mtoto akawa anapiga mateke hewani akiita mama, mama, huku kichwa chake kikimezwa na giza la dari, naye mama akarukia miguu yake akaing'ang'ania, akaburutwa nayo mpaka vidole vyake mwenyewe vikawa vinagusa sakafu kwa ncha tu, akisikia bega la mwanawe likiachia kwa mlio wa nguo nzito inayochanwa, na matone ya joto yakimdondokea usoni, mpaka mkono wake mmoja ukapapasa mezani ukapata mkasi wa kukatia, akaurusha mkono ule juu, tunduni, akachoma bila kujua anachoma nini, akachoma tena na tena, na kitu kule juu kikatoa pumzi ndefu yenye harufu ya pasi kikaachia.

Walianguka pamoja. Utosi wa binti ulikuwa na kidonda kipana kama kiganja, na nywele zake zilibaki huko juu.

"Tulia, mama mwenye nyumba," ilisema sauti, polepole, bila hasira. "Mimi sikuvunja mlango. Nilibisha."

Aliyekuja kwa kelele zile alikuwa Mkunga, bibi wa nyumba ya nyuma, aliyestaafu kuzalisha watoto lakini hakuacha kutoa mambo mengine katika miili na nyumba za watu. Alilirudisha bega la binti mahali pake kwa mvuto mmoja, akamfunga kichwa kwa kanga yake. Ndipo akanusa hewa, akashusha sauti.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," alisema mshonaji, akilia. "Nilidhani ni fundi."

"Usilie, nisikilize. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, mwanangu. Anasindikizwa. Na anasindikizwa na aliyemkaribisha, si mimi wala sheikh. Mwambie muda umefika, tembea naye mpaka kona ya barabara. Tazama miguu yako. Akifika pale ataaga, na atakuaga kwa sauti unayoipenda. Usimwambie karibu tena."

"Bibi, neno hilo linatoka lenyewe! Katika nyumba hii ni kama kupumua."

"Basi usipumue. Ukilisema, atarudi na haki zaidi ya aliyokuja nayo. Binti anakuja kwangu. Yakiisha nitamleta."

Walipoondoka, mshonaji alisimama peke yake chini ya tundu. Alifikiria kukimbia, kisha akakumbuka kitanda cha chaki, na hasira ikamshika kuliko hofu. Akachukua kopo la pini, akajaza mdomo, ncha zikielekea ndani, akabana midomo. Kabla ya kutia ile ya mwisho alisema, "Mgeni, muda umefika."

Ngazi ikalia. Safari hii aliona, kwa kuwa macho yake yalikuwa chini: pindo la gauni la kijani, pini zake mwenyewe bado zimechomekwa, na chini ya pindo miguu iliyokanyaga bila kuacha alama yoyote sakafuni.

Walitoka, wakafuata ukuta wa majirani chini ya mvua, bega kwa bega kama mtu na shoga yake. Konani miguu ile ikasimama.

"Haya mwanangu, mimi naenda," ilisema sauti ya mama yake mzazi, aliyemzika mwenyewe. "Ndiyo nini sasa? Hata karibu tena huniambii?"

Moyo ulimpasuka. Ulimi ukanyanyuka, ukakutana na pini. Zikaingia kwenye ulimi, kwenye ufizi, ndani ya shavu, naye akazidi kubana, damu ikamjaa mdomo akaimeza. Sauti ikamlilia. Ikamwita kwa jina la utotoni. Hakufungua. Hatimaye miguu ikageuka taratibu, ikapiga hatua ya kwanza kuondoka.

Lori la mikate likakata kona, likasimama. Mume akashuka, macho mekundu kwa uchovu, akaona mke wake amesimama na mwanamke mzima, mnene, amependeza ndani ya gauni jipya.

"Aah, mama! Limekutoa hilo gauni!" alisema, akijikinga mvua kwa mkono. Mshonaji akamrukia, akitikisa kichwa, akiguna kama bubu. Yeye akamshangaa: mteja anaondoka na mke wake hana hata neno la kumuaga! Basi akaliziba lile pengo, kama alivyofunzwa. "Karibu tena, mama. Karibu sana."

"Ahsante, baba. Unajua kuishi na watu." Miguu ilirudi ile hatua moja. "Nitakuja na wanangu. Nimesikia mnaongeza nafasi."

Gauni likaanguka tupu kwenye tope.

Walikimbia ndani, wakafunga komeo. Mshonaji alitema pini na damu kwenye sinki, akamweleza mumewe kwa ulimi uliovimba, neno moja moja. Mume akakaa sakafuni, juu ya chaki iliyofutika nusu, akashika kichwa. "Nimefanya nini," alikuwa akisema. "Mama yangu, nimefanya nini."

Mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi. Mama, ni mimi. Bega linaniuma."

Mume akainuka, uso umejaa furaha. Lakini darini, juu ya kichwa chake, sauti ileile ikasema, "Hodi. Mama, ni mimi. Bega linaniuma." Na kwenye mlango wa jikoni tena, na kwenye dirisha la chumbani, zote za mwanawe, zote zina baridi na zinataka kuingia.

Mume akafungua kinywa. Mkewe akamrukia, akakiziba kwa viganja vyote viwili, akamgandamiza ukutani, damu yake ikimdondokea mumewe kifuani. Wakakaa hivyo, wanatazamana.

Nje, mtoto akaanza kulia. Kisha wakaanza na wengine.