Mshindo wa Saa Moja

Pikipiki ya Honda ilikata kona, ikatimua vumbi, ikaingia kwenye geti la kituo cha kupima matetemeko.

Nyigu alikanyaga mafuta. Hilux ikalia. Akafunga breki mlangoni, akashuka na Glock mkononi.

Ilikuwa saa tano na dakika nane asubuhi.

Amri ilikuja kwa simu nusu saa nyuma. Mzee, bosi wake katika idara ya usalama, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Saa sita walinzi wanaondoka ghalani. Aliyetuuza ni fundi wa kituo. Mlete."

"Fundi yupi?"

"Usijifanye humjui. Jumapili ulikula kwake."

Lo! Fundi alikuwa mume wa dada yake.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa siku tatu kompyuta za kituo zilionyesha matetemeko madogo mfululizo, na wakubwa wakaamuru bonde zima lihame kabla kubwa lao halijaja. Bondeni kulikuwa na ghala la urani, mapipa mia mbili, walinzi arobaini. Walinzi nao wangehama. Halafu idara ikanasa ujumbe: ratiba ya kuondoka kwao imetumwa ng'ambo, kwa wanunuzi wa magendo, na namba ya siri iliyotumika ni ya Fundi.

Nyigu alimpataje? Alimpigia dada yake simu. Akamuuliza kwa sauti tamu shemeji yuko wapi, na dada, maskini, akamwambia.

Honda ilikuwa imelala chini, injini ya moto. Mlango wa shimo la vipimo ulikuwa wazi. Nyigu akashuka ngazi arobaini, mgongo ukutani, kidole kwenye kifyatulio.

"Mikono juu, shemeji."

Fundi aligeuka taratibu. Alishika karatasi ndefu iliyokunjamana.

"Umenijia na bastola? Wewe?"

"Mbona ulikimbia?"

"Ungekuwa wewe, gari la idara linakufukuza, ungesimama kuuliza habari za asubuhi?"

Nyigu hakucheka. Alimfunga pingu. Uchunguzi baadaye.

"Sawa, nifunge," Fundi alisema huku akihema. "Lakini nisikilize. Ganda la dunia si kipande kimoja, ni mabamba. Hapa tumekaa kwenye mpaka wa mawili. Yanaachana taratibu, mwendo wa kucha kukua. Chini yake mwamba ni wa moto sana, unajisogeza polepole kama uji mzito. Kwa hiyo tetemeko hapa halimshangazi mtu. Ukisema linakuja, kila mtu anakimbia bila kuuliza."

"Linakuja?"

"Tazama karatasi."

Chombo cha zamani kilikuwa kinazunguka kwenye zege, kalamu yake ikichora mstari. Karatasi za siku tatu zilionyesha mstari ulionyooka. Kila siku palikuwa na mruko mmoja tu, saa moja asubuhi.

"Hiki nini?"

"Mimi. Nikibadilisha karatasi napiga mguu chini nione kama kalamu iko hai. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo. Sasa, kile chombo kipya cha kompyuta kimefungwa kwenye zege hili hili. Jana usiku nimepekua rekodi zake. Matetemeko yamejaa tele, lakini mguu wangu haupo! Nimemwambia mkuu wa kituo, akanicheka."

Machale yalimcheza Nyigu. Karatasi inaweza kuchorwa. Na mtu mwenye pingu husema lolote.

"Nani alikifunga hicho kipya?"

"Mshauri. Na namba yangu ya siri alinipa yeye."

Mshauri alikuwa mtaalamu wa kigeni, miezi miwili tu kazini, na tayari alijua hali ya mtoto wa kila mfanyakazi. Watu walimpenda. Nyigu hakumpenda, lakini kutompenda mtu si ushahidi.

Alichomoa redio yake ya Motorola.

"Ofisi. Nyigu hapa, niko getini. Nani yupo kwenye kioo cha kompyuta?"

"Mimi, Mshauri. Umempata yule mhaini?"

"Bado. Chombo cha shimoni kinafanya kazi?"

"Vizuri sana. Nakitazama hapa."

Nyigu akamkonyeza Fundi. Fundi akaruka na pingu zake, akatua kwa kishindo. Kalamu ikarukaruka kama imechomwa.

"Kinaonyesha nini sasa hivi?"

"Shwari, dada. Hakuna kitu."

Nyigu mwenyewe akapiga buti kwenye zege. Mara mbili. Kalamu nusura ichane karatasi.

"Na sasa?"

"Shwari kabisa."

Mungu wangu. Yule bwana alikuwa anasoma rekodi aliyoipika mwenyewe, si ardhi!

Saa tano na dakika thelathini na tisa. Akampigia Mzee.

"Walinzi wasitoke. Tetemeko ni la kughushi."

"Nani kasema?"

"Shemeji yangu."



"Nyigu, ardhi ikitikisika kweli, watu arobaini watafukiwa."

"Najua. Nimejaribu chombo mwenyewe."

"Na ukikosea?"

Nyigu alitazama pingu mikononi mwa shemeji. 

"Nikikosea, pingu hizi nitavaa mimi."

Mzee akakata simu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nyigu alipanda ngazi mbilimbili, Fundi nyuma yake. Mshauri alikuwa uwanjani, mkoba wa kompyuta begani, mkono kwenye mlango wa Land Cruiser.

"Safari, Mshauri?"

"Nahama kama wenzangu, dada."

Mkono mwingine ukazama kotini. Nyigu alikuwa mwepesi zaidi. Kiwiko shingoni, goti tumboni, Beretta ikaanguka kwenye kokoto.

Akamkalia mgongoni mpaka saa sita ikapiga. Ardhi ilitulia.

Dakika tatu. Dakika nne. Motorola ikakoroma.

"Nyigu, Mzee hapa. Scania mbili zenye alama ya misaada zimefika ghalani zikakuta walinzi wote kazini. Tumekamata sita. Mapipa yapo."

"Nimekusikia."

Akamfungua Fundi pingu, akamvisha Mshauri. Fundi alisugua vifundo vya mikono, asimtazame. Simu yake ililia. Akaisikiliza, kisha akampa Nyigu. "Dada yako."

"Asubuhi uliponiuliza yuko wapi," dada alisema, "ulitaka kumsalimia au kumkamata?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Kazi yake ndiyo hiyo. Akaumeza.

"Kumkamata."

Dada alipumua.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekupeleka kwake."

"Ndiyo, dada."

"Leo usije kwangu. Siwezi kukutazama." Kisha akaongeza, "Njoo kesho."

Nyigu akamrudishia shemeji simu. Akavaa miwani ya jua, akamsukuma Mshauri mbele yake kuelekea kwenye Hilux, bila haraka, bila kugeuka nyuma.