Kwenda Wawili, Kurudi Watatu

"Mwanangu, yule dada aliyekuja nyuma yenu jana, mbona hamkumkaribisha ndani?"

Bibi Liao wa mlango wa pili aliuliza hivyo asubuhi, amekaa kwenye kigoda chake koridoni, anamenya vitunguu saumu kwenye beseni. Wan-ju alikuwa anawahi kazini, mfuko wa takataka mkononi, sweta jekundu shingoni limekaa upande.

"Dada gani, Bibi?"

"Huyo wa koti la njano. Nywele zimemlowa chepe. Mwenzio alipoingia kwako, yeye akabaki amesimama anautazama mlango. Nikamwambia, mama, baridi hii, bisha hodi. Hakunijibu."

"Jana tulikuwa wawili tu. Miwani yako iko wapi?"

"Miwani ninayo usoni. Na jana mvua haikunyesha."

Wan-ju alicheka, akashuka kwa ngazi badala ya lifti. Cheko lilimwishia kabla hajafika chini.

Huyo mwenzie aliitwa Po-yen, fundi lifti. Walikutana mwezi wa kumi na moja kwenye maonyesho ya safari pale Taipei, siku ambayo nusu ya mji huenda na masanduku matupu ya magurudumu kukusanya vipeperushi na tiketi za bei ya chini. Watu walikuwa wanasukumana, wasichana wa vibandani wanapiga kelele kwenye vipaza sauti. Katikati ya vurugu ile, Po-yen alikuwa amesimama kimya mbele ya picha kubwa ya Praha, mji wa kale wa Ulaya, daraja lake la mawe limefunikwa theluji. Alivaa shati la kazi la kijivu, bisibisi imechungulia mfukoni. Wan-ju akamgonga miguu kwa sanduku lake.

"Kaka, samahani, lakini umesimama kama mlinzi. Umeajiriwa na hilo daraja?"

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Pita, dada."

"Sipiti, nataka kuona ulichokiona wewe. Ile ni theluji kweli au wamemwaga unga?"

Po-yen akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amesahau namna yake. "Ni theluji. Ukiikanyaga inalia."

"Umejuaje?"

"Watu husema."

Uongo ulianzia hapo, mdogo kama punje ya mchele. Jioni walikula pamoja. Wiki ya pili simu ya Wan-ju ilikuwa hailali.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sauti yako."

"Basi utakonda, mpenzi. Njoo kesho nikupe wali."

Wan-ju alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Kila asubuhi kabla kliniki haijafunguliwa walikaa kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, maziwa ya soya ya moto mbele yao, wanachovya maandazi marefu na kupanga safari. Wangeondoka likizo ya mwaka mpya wetu wa Kichina, wakati kila mtu anarudi kwa wazazi wake.

"Mama ataniua," Wan-ju alisema. "Meza ya mwaka mpya bila mimi!"

"Mwambie unakwenda kumtafutia mkwe."

"Mkwe gani? Hata posa hujaleta, wewe."

"Nitaileta palepale darajani. Theluji inakudondokea puani, hata kukataa utashindwa."

Po-yen akachovya kidole kwenye maziwa, akachora mji mezani. "Hapa uwanja wenye saa ya mnara. Hapa unapinda, kuna duka la vinyago. Hapa daraja, masanamu ya watakatifu pande zote mbili. Na hapa kuna ngazi za kushukia mtoni. Hapa hatupiti."

"Kwa nini?"

"Zinateleza." Akaifuta meza kwa kiganja, upesi.

Wan-ju aliyaona mambo mengine, ila mtu akipenda huona na kuacha. Kwenye duka la tambi, mhudumu aliweka mezani jozi tatu za vijiti vya kulia. "Mwenzenu amekwenda msalani?" akauliza. Siku nyingine, duka lingine, bakuli tatu. Lifti ya jengo la Wan-ju nayo ilikuwa haitaki kujifunga wakiingia wao. Milango inakaribiana, inafunguka, inakaribiana, inafunguka, kana kwamba kuna mtu amesimama katikati.

"Sensa ya mlango, ile ya kuhisi mtu, ni chafu," Po-yen alisema.

"Si uliisafisha juzi?"

"Nitaisafisha tena."

Na kila walipovuka mto kwa skuta kwenda kwake mtaa wa Sanchong, ng'ambo, Po-yen aliinamisha kichwa na kusema taratibu, "Tunavuka daraja."

"Naona, laazizi, si kipofu," Wan-ju alimjibu akimkumbatia kiuno. Hakujua kwamba haambiwi yeye.

Sasa, mchana wa siku ileile Bibi Liao alipouliza swali lake, simu ikalia kliniki. Alikuwa msichana wa wakala wa safari.

"Dada, tumekosa nakala ya pasipoti ya mtu wenu wa tatu."

"Wa tatu? Sisi ni wawili."

"Kwenda ni wawili, ndiyo. Kurudi ni watatu. Kaka amelipia kiti cha kurudia kwa jina la Ching-lan. Tunampigia hapatikani."

Wan-ju akakata simu. Akatoka hadi kwenye ngazi za nyuma, akapiga simu.

"Ching-lan ni nani?"

Upande wa pili ilisikika mashine ya lifti ikipanda, ikapanda mpaka ikasimama.

"Po-yen! Nakuuliza, Ching-lan ni nani?"

"Mke wangu."

"Una mke! Una mke Ulaya, na mimi unanipeleka nikusaidie kumbebea mizigo?"

"Wan-ju, kipenzi, sikiliza, si hivyo..."

"Usiniite kipenzi! Posa darajani, kumbe mwenye daraja yupo!"

Akakata. Simu ililia mpaka betri ikaisha. Jumapili Po-yen alikuja, akabisha hodi, akangoja, akaondoka. Wan-ju alikuwa ndani, amekaa sakafuni na mto mdomoni asisikike analia. Alipofungua mlango jioni, Bibi Liao alikuwa kwenye kigoda chake.

"Umemwacha mwenzio nje muda wote ule," alisema. "Na yule dada nyuma yake. Maji yanamchuruzika mpaka kwenye zulia langu. Hebu gusa."

Wan-ju akainama. Zulia la mlangoni lilikuwa limeloa, na maji yake yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Taipei hatuna maji ya namna hiyo.

Ndipo alipoiwasha simu na kusoma ujumbe aliokuwa ameukataa. Ulikuwa na picha na maneno machache. "Ching-lan alifariki Praha, likizo ya mwaka mpya, mwaka wa tatu sasa. Aliteleza kwenye ngazi za mto. Nilipaswa kukwambia siku ya kwanza." Pichani mwanamke kijana alisimama darajani anacheka, theluji kwenye kope, koti la njano limefungwa hadi kidevuni.

Akampelekea Bibi Liao ile picha. Mama yule mzee alijifuta mikono kwenye aproni, akaisogeza simu karibu na miwani.

"Ndiye," akasema. "Ila hapa amekauka."

Akamrudishia simu. Kisha Bibi Liao akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mtu wako alimleta nyumbani vizuri?"

Kwetu mtu akifia ugenini, aliye wake humwendea na kumwita kwa jina. Njia nzima humwambia: sasa tunapinda, sasa tunavuka daraja, sasa tunapanda ndege, nifuate. Marehemu haoni njia, hufuata sauti. Na mlangoni kwake huambiwa neno la mwisho, kwamba tumefika. Akishaambiwa, safari yake na walio hai imekwisha, na Aliye juu humpokea.

Wan-ju akapiga simu. Po-yen alikuja haraka, kofia ya skuta bado kichwani, amekonda mashavu. Wan-ju hakumkaribisha ndani, wala hakusimama mbali naye.

"Ulimwita njia nzima?"

"Njia nzima. Majivu nimeyapakata. Watu kwenye ndege walidhani nina wazimu."

"Na mlipofika kwako?"

Po-yen aliitazama kofia yake, ambayo sasa ilikuwa mikononi.

"Ulimwambia mmefika?"

"Ningesemaje, Wan-ju? Niliweka ufunguo mlangoni, mdomo ukakataa. Nikajua nikishalisema neno lile, basi, sina mke. Nikasema nitalisema kesho." Akameza mate. "Baadaye nikaenda hekaluni kumwulizia. Nikarusha vile vipande viwili vya mti vinavyojibu ndiyo au hapana, tena na tena, vikakataa. Hajafika, hajafika. Nikadhani nimemwacha kule, kwenye theluji, peke yake. Kiti cha tatu kilikuwa cha kumrudisha."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nani katika safari hiyo?"

"Wewe ndiye uliyenifanya nitake kurudi nyumbani."

Machozi yalimlenga Wan-ju, akayazuia. "Po-yen, hayuko Praha. Yuko nyuma yako."

Hakugeuka. Alifumba macho tu, na pumzi ikamtoka mdomoni nyeupe, kama ya mtu aliye penye theluji.

Walishuka pamoja. Lifti ilikataa kujifunga. Milango ikakaribiana, ikafunguka, mpaka Wan-ju aliposogea pembeni na kusema, "Karibu, dada. Nafasi ipo." Milango ikajifunga.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawingu walipofika mtoni. Darajani Po-yen hakunong'ona. Alipaza sauti mpaka wenye skuta nyingine wakageuka. "Ching-lan! Tunavuka daraja!" Skuta ikazama kidogo kwenye tairi la nyuma. Wan-ju, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alihisi mikono miwili ikimshika kiunoni, baridi ikipenya koti na sweta mpaka kwenye ngozi. Hakupiga kelele. Alimwomba Mungu moyoni, akasema tu, "Shika vizuri, dada. Kuna mashimo."

Mlangoni kwa Po-yen kulikuwa na jozi ya viatu vya theluji vya kike. Wan-ju alikuwa ameviona siku nyingi na kuuliza mbona havikauki. Po-yen alijibu kwamba Taipei msimu wa baridi hata soksi hazikauki, na hilo ni kweli, ndiyo maana alimwamini. Leo vilikuwa vimejaa maji mpaka shingoni.

Ndani, Po-yen aliwasha vijiti vya udi mbele ya picha ya mkewe. Moshi haukupanda. Ulilala, ukanyooka kuelekea mlango ulioachwa wazi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Siwezi."

"Unaweza."

"Nikisema, ataondoka."

"Usiposema, nitaondoka mimi," Wan-ju alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Sikulazimishi wala sikutishi, mpenzi. Nakupenda mpaka mifupa inaniuma. Lakini mlango huu leo utamtoa mmoja wetu. Angalia viatu vyake vilivyolowa. Mwaka wa tatu unamtembeza mwenzako kwenye baridi, hata kiti hujampa."

Po-yen akapiga magoti. Muda ulipita, jirani wa juu akaburuta kiti, mahali fulani mtoto akaitwa kula. Wan-ju akaanza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine. Alikuwa amefika cha mwisho.

"Ching-lan," Po-yen akasema. "Ching-lan, tumefika. Hapa ni nyumbani. Nisamehe, nilichelewa kukwambia. Tumefika."

Moshi wa udi ukapanda wima.

Na Wan-ju akamwona. Alikuwa amesimama nyuma ya Po-yen, karibu kama kivuli, koti la njano limefungwa hadi kidevuni. Nywele zake zilikuwa zinakauka, unywele kwa unywele, zikaanguka laini mabegani. Alimtazama mume wake kisogoni kwa muda, jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyelala. Kisha akainua macho kwa Wan-ju.

"Dada," Wan-ju alisema, "nitamtunza."

Ching-lan akainama mlangoni, akavaa viatu vyake vya theluji, vikavu sasa, akakaza kamba zake bila haraka, akatoka.